Mswada wa vituo vya malezi na ruzuku kwa familia: katika Bunge la Kenya unaanzia wapi, unakwama wapi?

malezi_eastlands ameuliza:

Hamjambo wakuu. Kikundi chetu kimeandaa rasimu ya mswada wenye mambo matatu. Kwanza, kila soko kubwa liwe na kituo cha malezi ya watoto wachanga chenye leseni na kinachokaguliwa. Pili, familia isiyojiweza yenye mtoto wa chini ya miaka mitatu ipewe KSh 2,000 kwa mwezi, kiwango kile kile cha Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa wasiojiweza. Tatu, kuundwe hazina maalum ya kugharamia hayo mawili.

Mbunge mmoja amekubali kuubeba. Sasa seneta naye anasema tumpe yeye, eti mambo ya watoto wadogo ni ya kaunti.

Ninaomba kujua: (1) mswada wa mbunge binafsi hupitia wapi kabla ya kujadiliwa? (2) tumpe mbunge au seneta? (3) kuna anayetuambia hiyo hazina ndiyo itakayouua mswada, ni kweli? (4) sisi wananchi tunasikizwa hatua gani, na tuandike vipi? Mwenye kujua kanuni atufafanulie. Siasa tumeshashiba.

---

karani_wa_kamati amejibu:

Nitajibu la kwanza tu, wengine watamalizia.

Watu huhesabu hatua kuanzia Kusomwa kwa Mara ya Kwanza, lakini miswada mingi ya wabunge binafsi hukwama kabla ya hapo. Mswada wa serikali huja ukiwa umepita Baraza la Mawaziri na kuandikwa katika afisi ya Mwanasheria Mkuu, kisha Kiongozi wa Wengi anauwasilisha. Wa mbunge binafsi huanza kama pendekezo tu. Mbunge hulipeleka kwa Spika kupitia afisi ya Karani wa Bunge, wanasheria wa Bunge wanalipitia na kulinyoosha, na likionekana kugusa pesa za umma linapelekwa kwanza Kamati ya Bajeti. Kamati ya idara inayohusika nayo hulichunguza kabla halijachapishwa. Kwenu ni Kamati ya Hifadhi ya Jamii, iliyoundwa katika Bunge hili la 13. Hatua hii haina vichwa vya habari, na pendekezo linaweza kulala hapo miezi mingi bila mtu kulikataa waziwazi. Mbunge asipokwenda mwenyewe mbele ya kamati kulitetea, halitasonga. Kwa hiyo kabla ya kumkabidhi mtu rasimu, muulizeni kama ana nafasi ya kuhudhuria, si kama anaipenda.

Likipita, huchapishwa katika Gazeti Rasmi kama mswada, likiambatana na taarifa ya madhumuni na sababu. Msiidharau taarifa hiyo. Ndani yake lazima isemwe kama mswada unapunguza haki yoyote ya msingi, kama unampa mtu mwingine mamlaka ya kutunga kanuni, kama unahusu serikali za kaunti, na kama utasababisha matumizi ya pesa za umma. Kila jibu hapo hufungua mlango mmoja na kufunga mwingine. Anayeandika "hautahitaji pesa za ziada" wakati kifungu cha 9 kinaunda halmashauri yenye mkurugenzi na wafanyakazi amejichimbia shimo, maana ataulizwa siku ya kwanza.

Baada ya kuchapishwa husubiriwa siku 14, ila Bunge likipitisha hoja ya kufupisha muda huo. Kisha Kusomwa kwa Mara ya Kwanza: karani husoma jina la mswada, basi. Hakuna mjadala. Mswada unaenda moja kwa moja kwa kamati ya idara, ambayo ina siku 20 za kalenda kurudisha ripoti. Katika siku hizo ndipo umma hushirikishwa. Kamati ikichelewa huomba muda zaidi, na mara nyingi hupewa.

Kusomwa kwa Mara ya Pili ndiyo ile mijadala mnayoona kwenye televisheni. Hapo hujadiliwa kanuni ya mswada: je, serikali iingie katika jambo hili au isiingie? Maneno ya vifungu hayaguswi. Mbunge anayesimama kulalamikia neno moja la kifungu cha 12 atakumbushwa asubiri Kamati ya Bunge Zima. Shughuli za wabunge binafsi hupewa hasa kikao cha Jumatano asubuhi, na Kamati ya Shughuli za Bunge, ambayo mwenyekiti wake ni Spika, ndiyo hupanga nani atangulie. Jumatano asubuhi watu huwa wachache ukumbini. Akidi ya Bunge la Kitaifa, yaani idadi ya chini inayotakiwa ukumbini, ni wabunge 50 kati ya 349. Mjadala unaweza kwisha vizuri kabisa, halafu kura ikaahirishwa kwa sababu ukumbi hauna watu. Hiyo ndiyo sababu mtaona mswada "umejadiliwa" Machi na kupigiwa kura Juni.

Baada ya hapo ni Kamati ya Bunge Zima, ambako Spika hukiacha kiti na vifungu hupitiwa kimoja kimoja. Jueni mpangilio wake: huanza na kifungu cha 3 kwenda mbele, vikafuata vifungu vipya, majedwali, na mwishoni ndipo hurudiwa kifungu cha 2 chenye maana za maneno, jina refu na kifungu cha 1. Kama rafiki yenu anataka kubadilisha maana ya "familia" au "mlezi", inambidi aangalie kwanza vifungu vilivyokwisha kupitishwa asubuhi hiyo vinategemea maana ipi, kwa sababu badiliko linalopingana na kifungu kilichokubaliwa halipokelewi.

Kusomwa kwa Mara ya Tatu huwa kufupi.

Na msisahau kalenda. Muda wa Bunge ukiisha, mswada ambao haujamalizika hufa nalo. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027.

---

bajeti_kwanza amejibu:

Nachukua la tatu. Aliyewaambia kuhusu hazina hakukosea sana.

Kifungu cha 114 cha Katiba kinaeleza mswada wa fedha ni upi. Hapa si ule wa kodi unaoletwa kila mwaka peke yake. Kinagusa kodi, kutwika mzigo hazina yoyote ya umma, kutenga, kupokea, kutunza au kutoa pesa za umma, na mikopo ya serikali. Spika wa Bunge la Kitaifa akiona hoja inaingia humo, Bunge haliwezi kuendelea ila kwa pendekezo la kamati husika, nayo lazima izingatie maoni ya Waziri wa Fedha. Kwa lugha ya kawaida, barua ya Hazina ya Kitaifa, yaani wizara ya fedha, itasomwa kabla ya hoja zenu. Na barua hiyo karibu kila mara husema vitu viwili: hakuna pesa, na hatutaki hazina nyingine mpya.

Kwa hiyo nendeni na hesabu yenu, msiache wao waifanye. KSh 2,000 mara miezi 12 ni KSh 24,000 kwa familia kwa mwaka. Familia 100,000 ni KSh bilioni 2.4. Mbunge mwenye huruma akisimama katika Kamati ya Bunge Zima na kupendekeza iwe KSh 3,000, ameongeza KSh bilioni 1.2 kwa sentensi moja, na badiliko lake litarudishwa Kamati ya Bajeti au kukataliwa papo hapo. Mwombeni asifanye hivyo hata kama anashangiliwa.

Hiyo ni ruzuku peke yake. Wekeni pia gharama ya kuandikisha familia, kuhakiki kila baada ya muda, ada za benki au za kutuma kwa simu, mishahara ya maafisa, na kushughulikia malalamiko ya walioachwa nje. Rasimu nyingi za ustawi wa jamii huwa na mstari wa ruzuku tu, na Afisi ya Bajeti ya Bunge ikiongeza hayo mengine mbunge anajikuta anatetea takwimu ambayo hajawahi kuiona.

Kuhusu hazina yenyewe, ushauri wangu ni muiondoe. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, sehemu ya 24, tayari inamruhusu Waziri wa Fedha kuunda hazina ya umma kwa idhini ya Bunge la Kitaifa. Mswada unaweza kusema tu kwamba ruzuku italipwa kutoka pesa zitakazotengwa na Bunge kwa ajili hiyo. Mnapoteza uhakika kidogo, ila mnaondoa kipengele kinachowapa Hazina ya Kitaifa sababu rahisi ya kupinga kila kitu.

Kiwango nacho, sikubaliani na kukiandika katika kifungu. Shilingi 2,000 za leo hazitanunua kitu kile kile miaka sita ijayo, na kubadilisha kifungu ni mswada mwingine mzima. Kiwekeni kwenye kanuni za Waziri, lakini kifungu kiseme kiwango hakitapunguzwa na kitapitiwa kila baada ya miaka fulani. Kanuni hizo, kwa mujibu wa Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013, lazima ziwasilishwe bungeni ndani ya siku 7 za vikao baada ya kuchapishwa, la sivyo zinakosa nguvu. Kwa hiyo Bunge halijapoteza jicho lake.

Halafu wakati. Taarifa ya Sera ya Bajeti hufika bungeni kufikia Februari 15, makadirio kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Sheria ikisainiwa Mei bila kuwamo katika makadirio, mwaka huo hakuna shilingi hata moja, labda bajeti ya ziada. Anzeni kuzungumza na kamati kuhusu pesa Januari, mswada uwe umefika popote ulipofika.

---

wakili_mtaani amejibu:

Swali la pili, mbunge au seneta.

Seneta ana nusu ya ukweli. Jedwali la Nne la Katiba, orodha ya kazi za kaunti, linataja elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kutunzia watoto. Kituo chenu cha sokoni kimo humo bila shaka. Lakini mswada wa fedha hauwezi kuanzia Seneti, Kifungu cha 109(5) kiko wazi. Mkimpa seneta rasimu kama ilivyo, yenye ruzuku na hazina, atakaporusha mpira kwa Bunge la Kitaifa utarudishwa kwa sababu hiyo moja.

Kifungu cha 110(3) kinataka Maspika wote wawili waamue pamoja, kabla ya mjadala, kama mswada unahusu kaunti, na kama ni wa kawaida au maalum. Ombeni mbunge wenu ahakikishe makubaliano hayo yameandikwa na yamo kwenye faili. Sheria ya NSSF (hazina ya akiba ya uzeeni ya wafanyakazi) ya 2013 ilibatilishwa na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi mwaka 2022, na mojawapo ya hoja ilikuwa kwamba Seneti haikuhusishwa. Kesi ikapanda Mahakama ya Rufaa, kisha Mahakama ya Juu. Miaka yote hiyo makato ya watu yalikuwa yananing'inia.

Ukihusu kaunti, hesabuni hatua zote mara mbili. Seneti nayo ina kamati yake, ya Leba na Ustawi wa Jamii, na itaalika umma upya. Ikiubadilisha, unarudi Bunge la Kitaifa. Wasipoelewana, Maspika huunda kamati ya upatanisho yenye idadi sawa kutoka kila upande, ina siku 30. Isipokubaliana ndani ya siku hizo, au nakala waliyokubaliana ikikataliwa na upande mmoja, mswada umeanguka.

Ndiyo maana ningeugawa. Vituo vya malezi viwe mswada mmoja, seneta aubebe. Ruzuku iwe mwingine, mbunge aubebe. Na kabla ya hapo angalieni kama mnahitaji sheria mpya kweli. Sheria ya Watoto ya 2022 ipo, inaweza kurekebishwa kwa kurasa tatu. Sheria ya Afya ya 2017 tayari inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Kaunti ya Jiji la Nairobi nayo ina sheria yake ya vituo vya kutunzia watoto ya 2017. Kama shida ni masoko ya Nairobi tu, mwakilishi wadi wenu anaweza kuleta marekebisho City Hall, katika bunge la kaunti, na gavana ana siku 14 za kutia saini.

---

karani_wa_kamati amejibu:

Wakili, kisheria uko sawa, lakini kugawa si bure. Miswada miwili ni foleni mbili, kamati mbili, na wabunge wawili wa kusukumwa. Nimeona pia, ukisoma Hansadi (kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge), mswada wa ruzuku uliobaki peke yake hukosa watetezi. Kituo cha malezi ni kitu mbunge anaweza kukionyesha kwa wapiga kura wake, na ndicho kinachovuta kura za ruzuku. Ningeacha viwe pamoja, hazina iondolewe, na uanzie Bunge la Kitaifa ukiwa umetajwa wazi kwamba unahusu kaunti.

---

wakili_mtaani amejibu:

Hapo tutatofautiana. Ukiviweka pamoja, pingamizi la Hazina ya Kitaifa dhidi ya ruzuku linazuia hata vituo ambavyo havihitaji pesa zao. Lakini sawa, uamuzi ni wa wenye rasimu.

Wawe macho na kitu kingine, kifungu cha kuanza kutumika. Katiba inasema sheria huchapishwa ndani ya siku 7 baada ya kusainiwa, na huanza kutumika siku ya 14 baada ya hapo, isipokuwa yenyewe iseme vingine. Waandishi wa sheria hupenda kuandika "itaanza kutumika tarehe ambayo Waziri atatangaza". Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilisainiwa Januari 2013, ikaanza kutumika Mei 2024. Andikeni tarehe, au angalau "si zaidi ya miezi sita".

---

malezi_eastlands ameuliza tena:

Shukrani sana. Tumeelewa hazina iondoke. Bado hatujajua la nne. Tangazo la maoni tutaliona wapi, na tufanye nini kama mtu ataleta badiliko baya dakika za mwisho?

---

memoranda_moja amejibu:

Tangazo hutoka katika magazeti na tovuti ya Bunge, na mara nyingi huacha siku chache tu. Msisubiri tangazo ndipo mwanze kuandika. Mswada ukishachapishwa, andikeni. Maoni hupelekwa kwa Karani wa Bunge la Kitaifa, S.L.P. 41842-00100, Nairobi, au kwa mkono afisini kwake katika majengo makuu ya Bunge. Mkipeleka kwa mkono, bebeni nakala ya pili igongwe muhuri wa kupokewa. Muhuri huo ndio ushahidi wenu mbeleni.

Barua ya kurasa kumi kuhusu umuhimu wa familia haimsaidii karani anayeandaa ripoti. Yeye hujaza jedwali: kifungu namba ngapi, kinasema nini sasa, mwenye maoni anataka kisemeje, kwa sababu gani. Basi mpeni jedwali hilo likiwa tayari. Maneno mnayotaka yaandikwe kamili kama yatakavyosomeka katika sheria. "Kifungu cha 7 kiboreshwe" hakuna mtu anajua afanye nini nacho. Mfano:

Kifungu cha 7(2). Sasa: "Kituo kitakuwa na walezi wa kutosha." Pendekezo: futa "walezi wa kutosha", weka "mlezi mmoja aliyefunzwa kwa kila watoto wanne wa chini ya mwaka mmoja". Sababu: mkaguzi hawezi kumnyima mtu leseni kwa kipimo kisichohesabika.

Hiyo inabebwa kama ilivyo hadi kwenye ripoti. Uwiano wenyewe tafuteni mtakaoweza kuutetea, kwa sababu wamiliki wa vituo vidogo vya mitaani watakuja na hesabu ya kodi na mishahara, nao watakuwa na haki. Ukiwa mkali mno, vituo hivyo vitajificha badala ya kusajiliwa.

Mkialikwa mbele ya kamati, mnaweza kuzungumza Kiswahili. Kifungu cha 120 cha Katiba kinakifanya mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Mpeleke mtu mmoja anayejua vifungu na mwingine anayejua kituo kinavyoendeshwa asubuhi hadi jioni. Wakiwa wanane, dakika zote zitaishia kwenye kujitambulisha.

Sasa badiliko la dakika za mwisho. Mbunge asiye mwenye mswada lazima ampe Karani taarifa ya maandishi saa 24 kabla ya kikao ambacho Kamati ya Bunge Zima itakaa. Taarifa hizo huchapishwa pamoja na ratiba ya shughuli za siku. Kwa hiyo mtu wenu aisome ratiba kila siku ya kikao tangu Kusomwa kwa Mara ya Pili kunapoisha. Mkiona badiliko linaleta jambo geni au linapanua mswada kupita kiasi, mbunge wenu ana haki ya kusimama na kuomba lisipokewe, kanuni zinakataza. Akinyamaza likapita, bado kabla ya Kusomwa kwa Mara ya Tatu anaweza kuomba mswada urudishwe Kamati ya Bunge Zima kwa kifungu hicho pekee. Baada ya hapo, upande wa Bunge hilo, mlango umefungwa.

Wengine hudhani watakimbilia mahakamani. Inawezekana: Julai 2024 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 kwa kuona umma haukushirikishwa vya kutosha, kisha Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo. Lakini Oktoba mwaka huo huo, katika kesi ya Sheria ya Fedha ya 2023, Mahakama ya Juu ilikataa hoja kwamba kila badiliko jipya lazima lirudishwe kwa wananchi. Msitegemee jaji kurekebisha kitu ambacho mbunge wenu angeweza kukizuia kwa kusimama dakika mbili.

---

bajeti_kwanza amejibu:

Naongeza moja kuhusu saini. Rais ana siku 14. Anaweza kuurudisha na sababu zake, na mswada wa ruzuku ni wa kurudishwa kirahisi. Bunge likitaka kuupitisha bila kumsikiza linahitaji thuluthi mbili ya wabunge wote, yaani 233, na thuluthi mbili ya jumbe za kaunti Seneti (kila kaunti ni ujumbe mmoja) kama unahusu kaunti. Mswada wa mbunge binafsi haupati idadi hiyo kirahisi, kwa hiyo pingamizi la Waziri wa Fedha limalizeni mapema katika Kamati ya Bajeti, na mpate jibu lake kwa maandishi kabla mswada haujachapishwa.